Dyn: kutoka DNS ya bure ya wanafunzi mpaka mikononi mwa Oracle

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo sina boksi la kufungua hapa mezani, leo nachambua huduma ambayo wengi mmeitumia bila hata kujua ipo. Dyn, ile kampuni ya DNS ya Manchester, jimbo la New Hampshire kule Marekani.

Kwa asiyejua, ukiandika jina la tovuti DNS ndo inakurudishia namba ya IP ya seva, yaani anwani ya kompyuta inayohifadhi hiyo tovuti, basi, kazi yake imeishia hapo. Ila ikigoma, hata kama seva zako zinawaka na hazina shida yoyote, kwa mtu wa nje tovuti yako haipo.

Sasa hawa jamaa, Jeremy Hitchcock na wenzake, walianza kama mradi wa wanafunzi pale Worcester Polytechnic Institute, alafu wakaja na DynDNS. Hii bana ilikuwa tamu. Intaneti ya nyumbani IP inabadilika badilika, leo hii kesho ile, sasa ukitaka kuingia kwenye kompyuta yako au kuangalia kamera ya getini ukiwa mbali unaifikiaje? DynDNS inakupa jina moja, kuna kiprogramu kidogo au raota yenyewe inapiga ripoti kila IP ikibadilika, umemaliza. Na bure! Kuna kipindi hela zikawaishia wakaomba watumiaji dola 25,000 ili huduma isifungwe, watu wakachanga zaidi ya 40,000. Nyie, watu kuchangia DNS!

Na mimi naona ukuaji wao wote unatokea hapo. Yule injinia anayeitumia kwake nyumbani bure ndo huyo huyo kazini anaulizwa tuweke DNS wapi, atataja nani? Wakaingia kwa wakubwa, Twitter akiwemo. Na bidhaa ya kulipia ilikuwa nzuri kweli, wanatumia enikasti, yaani IP moja inatangazwa kutoka vituo vingi duniani, swali lako linajibiwa na kituo cha karibu. 2012 wakapata uwekezaji wa dola milioni 38, na 2014 wakainunua Renesys, wale wa kufuatilia njia za intaneti. Mwaka huo huo wakaifunga DynDNS ya bure. Kibiashara naelewa, ila iliniuma, hao ndo waliowabeba.

Haya, 21 Oktoba 2016. Asubuhi ya mashariki ya Marekani Dyn inapigwa na Mirai, jeshi la vifaa vilivyotekwa, maswali ya uongo yanamiminika mpaka seva zinazidiwa. Twitter, Reddit, Spotify, GitHub, watu hawafiki. Na vifaa vyenyewe ni nini? Kamera za nyumbani, mashine za kurekodi video, raota, zilizoachwa na paswedi ya kiwandani! Vifaa vya aina ile ile walivyoanza navyo kuvitafutia majina, leo ndo vinarudi kuwapiga. Mwezi mmoja baadae, 21 Novemba, Oracle, ile kampuni kubwa ya programu ya Marekani, wakatangaza wanainunua Dyn.

Sasa maksi. Bidhaa nawapa nane kwa kumi, na hizo mbili sikati kwa sababu ya kupigwa maana mzigo ule ungemlemea karibu yeyote, nakata kwa ajili ya DynDNS ya bure. Wateja ndo nawapa nne, mtu ana seva kibao, ana beki apu mabara mawili, alafu nemuseva zote, yaani seva zinazojibu maswali ya DNS ya tovuti yake, kaziweka kwa kampuni moja, wakati DNS yenyewe inaruhusu kuweka za kampuni mbili tofauti kwenye domeini moja, yaani jina moja la tovuti, ni usumbufu kidogo tu wa kuhakikisha rekodi zinafanana pande zote.

Kama una domeini fungua teminali, lile dirisha la kuandika amri, sasa hivi, andika dig NS alafu jina la domeini yako, uone nemuseva zako zimekaa kwa nani.