CD ya Ally Bank ikikomaa: siku 10 za kubadilisha masharti

Kufungua CD (amana ya muda maalumu: unafunga pesa kwa muda uliopangwa, kwa riba isiyobadilika, hadi muda huo uishe, yaani ikomae) katika Ally Bank, benki ya Marekani inayofanya kazi mtandaoni bila matawi, ni kazi nyepesi. Hakuna kiwango cha chini cha kuanzia wala ada ya kila mwezi. Kipimo chenyewe kinakuja siku CD inapokomaa. Usiposema neno, benki inaihuisha kwa muda ule ule, ila kwa riba ya siku hiyo. Aliyefunga pesa miezi 12 anajikuta kafungwa miezi 12 mingine, na riba iliyomvutia mwanzoni huenda haipo tena.

Sheria imeweka ulinzi. Kwa CD inayojihuisha yenyewe na yenye muda unaozidi mwezi mmoja, Kanuni DD, kanuni ya Marekani kuhusu taarifa ambazo benki huwapa wenye amana, inaitaka benki itume taarifa angalau siku 30 za kalenda kabla ya kukomaa. Vinginevyo iitume angalau siku 20 kabla ya kuisha kwa kipindi cha neema (siku chache baada ya kukomaa ambazo unaweza kutoa pesa bila faini), mradi kipindi hicho kisipungue siku 5. Ukiisoma vizuri utaona kwamba kanuni haiilazimishi kila benki kutoa kipindi cha neema. Ally inatoa siku 10, na hapo inastahili sifa, maana zipo benki zinazotoa 7.

Watu wengi hukwama kwenye taarifa hiyo hiyo. Inapotumwa, riba mpya mara nyingi haijapangwa, na sheria inaruhusu benki iseme hivyo, itaje tarehe riba itakapojulikana na itoe namba ya simu ya kuulizia. Kwa hiyo kusoma taarifa peke yake hakutoshi. Siku ya kukomaa ingia kwenye akaunti uone riba kwa macho yako, kisha uilinganishe na ya muda mwingine. Si lazima miezi 18 ilipe zaidi ya 12. Mara nyingine ni kinyume chake.

Ndani ya siku hizo 10 unaweza kubadilisha muda, kuongeza pesa (jambo lisilowezekana katikati ya muda), kutoa sehemu au kuondoka na zote bila faini. Riba ya Ally ikipanda ndani ya siku 10 baada ya kuhuisha, kwa muda na kiwango kile kile cha pesa, unapewa ile ya juu. Ni faida ya kweli, na si benki nyingi zinazoitoa.

Lakini siku 10 ni za kalenda: Jumamosi, Jumapili na sikukuu zimo. Kama unataka kuhamishia pesa benki nyingine, unganisha akaunti hiyo wiki mbili kabla. Uthibitisho kwa viamana vidogo vya senti, vinavyotumwa kuhakikisha akaunti ni yako, huchukua siku kadhaa za kazi, na ukianza siku ya saba unaweza kuchelewa.

Ukichelewa, hesabu ni hii. Kwa CD ya miezi 24 au pungufu, faini ya Ally ni riba ya siku 60. Kwa ya miaka 5 ni siku 150. Chukua dola 10,000 kwa riba ya asilimia 3: siku 60 ni takriban dola 49.32. Ukivunja siku ya 20 tangu kuhuishwa, umevuna dola 16.44 tu, na dola 32.88 zinakatwa kwenye mtaji wako. Hapa ndipo wengi hushtuka, wakidhani faini haiwezi kugusa pesa waliyoweka. Inagusa.

Asiyejiamini na tarehe afikirie CD ya Ally isiyo na faini, ya miezi 11. Baada ya siku 6 za kwanza tangu pesa iingie, unaweza kutoa zote pamoja na riba. Kutoa nusu hairuhusiwi.

Kuna kanuni moja ambayo wenye amana kubwa wasiipite. Bima ya FDIC, shirika la serikali ya Marekani linalolinda amana benki ikifilisika, ni dola 250,000 kwa mtu, kwa benki, kwa kila aina ya umiliki (kama akaunti ya mtu mmoja au ya pamoja). Benki mbili zenye CD zako zikiungana, amana zako zinaendelea kuhesabiwa mbalimbali kwa miezi 6. CD inayokomaa ndani ya miezi hiyo, ukiihuisha kwa muda ule ule na kiasi kile kile, iwe pamoja na riba yake au bila riba, bima yake ya pekee inaendelea hadi ikomae tena baada ya miezi hiyo kupita. Ukibadilisha muda au kiasi, ulinzi huo unaisha miezi 6 inapoisha. Kwa hiyo mwenye dola 200,000 kila upande asiguse masharti kabla ya kupiga hesabu hiyo, hata kama muda mwingine unalipa zaidi.