Gugumaji kwenye kidimbwi cha nyumbani: uzoefu wangu Mombasa

Nilinunua miche ya gugumaji kwa muuza maua wa kando ya barabara huku Kisauni, niitie kwenye kidimbwi cha saruji kilichoko uani, chenye samaki wa mapambo. Aliniambia ni "ua la maji", halitaki udongo wala mbolea. Ni kweli. Unaliweka juu ya maji, basi, linaelea lenyewe.

Kwa kazi niliyolinunulia, lilinifaa sana. Maji yaliyokuwa yakigeuka kijani kwa jua la hapa yalitakata, maana mizizi hufyonza uchafu wa samaki na majani huziba mwanga. Vifaranga vya samaki hujificha kwenye ile mizizi. Na ua lake, zambarau hafifu lenye doa la manjano, lapendeza mno.

Wenzangu wa Mombasa, msilitie maji ya kisima. Visima vyetu vingi vina chumvi, na gugumaji haliiwezi. Langu lilikauka kingo za majani, likapona niliporudi kwenye maji matamu ya mkokoteni, nayo ni ya kununua.

Kinachonifanya nisilipendekeze ni kuzaana kwake. Kila mche hutoa vikonyo, na kila kikonyo huzaa mche mwingine. Kwenye joto kama letu, wiki mbili zinatosha yawe maradufu. Yakifunika maji yote, oksijeni hupungua na samaki huja juu kutweta. Mbu nao hutagia katikati ya majani, samaki wasikofika.

Halafu unayoyapunguza unayapeleka wapi? Jirani yangu alisema, "Tupa mtaroni, bahari itayaua." Bahari itayaua, sawa. Lakini mvua ya masika haipeleki kila kitu baharini, na bwawa la mfugaji wa samaki Kwale au Kilifi halina chumvi. Mbegu zake huweza kukaa topeni miaka 15 na zaidi, zikaota. Asili yake ni Amerika Kusini, likasambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa ua lake, na tangu miaka ya 1990 wavuvi wa Kisumu wanafungiwa njia ziwani. Wadudu aina ya fukusi waliletwa walile, likapungua, likarudi. Anayeliuza angepaswa kumwambia mnunuzi haya kabla ya kupokea pesa.

Langu nimelitoa lote, nikalianika juu ya sakafu ya zege hadi likakauka kabisa, nikalichoma. Sasa nimepanda yungiyungi la buluu, la huku kwetu Afrika Mashariki. Ni ghali zaidi na linataka chungu chenye udongo mzito ndani ya maji. Hufunguka mchana, usiku hufumba. Maji hayatakati kama mwanzo, hivyo msimu huu wa kaskazi nasafisha kichujio mara kwa mara.