Uzoefu wangu na kampuni ya kuhesabu abiria Kimara: safu ya waliobaki ilirudi tupu

"Anayeachwa si abiria, dada. Hajapanda." Hayo ni maneno ya msimamizi wa kampuni tuliyoikodi kuhesabu abiria kwa ajili ya upembuzi yakinifu wa kurefusha njia ya mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam kutoka Kimara kwenda Mbezi, nilipomuuliza kwa nini walioachwa na basi hawakuhesabiwa. Mpaka leo yananichoma. Jina la kampuni nalihifadhi, lakini kosa nalieleza lote, maana yeyote atakayetafuta makarani wa kazi hii anaweza kukutana nalo.

Asubuhi mabasi yanaondoka Kimara yakiwa yamejaa. Ukihesabu waliopanda tu, umepima uwezo wa mabasi, uhitaji wa watu hujaugusa. Chukua mfano: mabasi 12 kwa saa, kila moja watu 150. Fomu yako haiwezi kuvuka 1,800 hata kama kituoni wamefika 3,000. Ukiipeleka 1,800 hiyo kwenye mpango wa Mbezi, watu 1,200 umeshawafuta, na bado wako pale mlangoni wanasukumana, wamechelewa kazini.

Dawa yake si ngumu. Fomu iwe na muda wa basi kufungua milango, namba ya basi, walioshuka, waliopanda na waliobaki milango ikishafungwa. Karani mmoja kwa kila mlango, na mwingine akae nyuma ya foleni, kazi yake iwe waliobaki tu. Kisha kila dakika 15 chukua idadi ya waliopita getini, toa waliopanda. Ukijumlisha tofauti hizo tangu asubuhi, zikaribiane na hesabu ya yule wa nyuma. Zikipishana sana, kuna karani amechoka au geti limeachwa wazi. Safu ya waliobaki tuliiandika kwenye hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi tuliyowapa. Ilirudi tupu siku zote tatu!

Haki yao niwape. Makarani wenyewe ni hodari: walifika kabla ya alfajiri, na jumla za kupanda na kushuka zililingana. Hata abiria wa kugeuza waliwatenga, yaani yule anayepanda vituo vya jirani, Korogwe au Baruti, kuelekea Kimara ili apate kiti, kisha hashuki, anarudi na basi lilelile mjini. Ukimhesabu kama safari mbili, unaikuza Kimara bure. Kwa jambo hilo nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu, na kwa njia za daladala ambazo magari hayajai ningewapendekeza kabisa.

Kisha tukafika kwenye hesabu ya mabasi. Tuseme mzunguko mzima ni dakika 120 na basi linatoka kila dakika 3: unahitaji mabasi 40. Kurefusha njia kukiongeza dakika 30 za kwenda na kurudi, unahitaji 50. Ukibaki na 40, basi litatoka kila dakika 3 na sekunde 45, tena litakuwa limeshajaa Mbezi. Wa Kimara, Korogwe, Baruti na Kibo watabaki kulitazama likipita. Wa Mbezi anastahili usafiri huo, sibishi hata kidogo. Ila lazima ujue unamwondolea nani nafasi, wangapi, kituo gani, saa ngapi, na jibu lilipaswa kuwa kwenye safu ile ile waliyoiacha wazi.

Huwezi kuijaza baadaye kwa kukisia. Inabidi kurudia: siku tatu za katikati ya wiki, shule zikiwa zimefunguliwa, na Jangwani, bondeni njia inakopita, pakiwa pakavu, kwa sababu maji yakijaa pale safari hukatizwa na takwimu za njia nzima huharibika. Malipo ya makarani upya, kibali cha kuingia kituoni upya.

Nilipomuuliza tena msimamizi kwa nini safu iko wazi, alirudia sentensi ileile, neno kwa neno. Basi hata pendekezo la daladala nalifuta. Nyota moja, nayo ni ya makarani.