Wamemkata Nellie Melba katikati ya kuaga

Nimekasirika na sifichi. Nilijiunga na huduma moja ya muziki wa zamani, ya kulipia kila mwezi, kwa sababu moja tu: wanazo rekodi za usiku wa 8 Juni 1926, Nellie Melba alipoliaga jukwaa la Covent Garden, jumba la opera la London. Kwa asiyemjua, huyu ndiye soprano, yaani mwimbaji wa kike wa sauti ya juu, wa Australia aliyeimba hewani kutoka kiwanda cha mitambo ya redio cha Marconi mjini Chelmsford, 15 Juni 1920, wakati hata huko Uingereza redio ilikuwa bado haijaingia majumbani. Alisikika hadi nchi nyingine za Ulaya.

Rekodi zenyewe, haki ya Mungu, ni safi. Ile sala anayoiimba kama Desdemona kwenye opera ya Otello niliirudia mpaka nikachelewa kulala. Mama wa miaka 65, na pale mwishoni anapanda juu kabisa, sauti nyembamba, wala haitetereki! Santuri zake za 1904 aliziimbia kwenye pembe ya kunasia sauti, bila umeme, unamsikia kama yuko chumba cha pili. Hapa kipaza sauti cha umeme kimeshafika, unasikia mpaka ukumbi unavyopumua. Nilikuwa nawapa nyota tano.

Halafu ikaja hotuba. Baada ya opera ya La Bohème, Melba aliongea na watu wake huku kilio kimemkaba, akashukuru, hata mzee wa mlango wa wasanii hakumsahau. Watu walimcheka kwa kuaga mara nyingi, na kweli kwao Australia aliendelea kuaga mpaka 1928, lakini usiku ule wa London ulikuwa wa kweli, na ushahidi ni sauti yake. Hicho ndicho nilichokilipia. Makofi yanatulia, anavuta pumzi, anaanza, sentensi mbili tatu hivi, kwisha! Anaingia mwimbaji mwingine kabisa na piano yake.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Kijana akaniambia, "Dada, hayo ni maongezi tu, tumeyapunguza. Wateja wanataka nyimbo." Nikamwambia, kaka yangu, mimi ni mteja na nayataka hayo maongezi. Akajibu, "Mwenyewe si alishakufa zamani? Nani atalalamika?" Akakata simu.

Alikufa 1931, ndiyo. Nalalamika mimi!

Nilitaka kuandika kwamba bado inafaa kwa anayetaka kuimba kwake tu, maana sala ile peke yake inatosha kukulipa hela yako. Lakini kila nikikumbuka lile jibu nabadili mawazo. Mtu anayeona shukrani za mama huyu ni takataka za kupunguza, kesho atakata na sala. Nyota moja. Msijiunge mpaka wairudishe hotuba nzima, na mimi hela ya mwezi ujao hawaipati.