Vitz, Starlet, Rumion na Belta: Lipi la Kununua Jina Moja Linapobebwa na Magari Mawili

Mnunuzi anayeingia kwenye yadi ya magari na kuulizia Starlet huenda akaonyeshwa magari mawili yasiyo na udugu wowote. La kwanza ni lile dogo lililotengenezwa Japani hadi mwaka 1999, ambalo mafundi wa Mombasa na Dar es Salaam hulitaja kwa namba za EP82 na EP91. La pili ni gari lililoingia sokoni Afrika Kusini mwezi wa Septemba 2020, ambalo lilibuniwa na Suzuki kwa jina la Baleno, likaundwa India, kisha likabandikwa nembo ya Toyota. Hali ni hiyo hiyo kwa Vitz, Rumion na Belta. Majina hayo yote yalikuwa yamestaafishwa au yakielekea kustaafishwa, na sasa yamerudi juu ya magari mengine kabisa, huku yale ya zamani yakiendelea kuuzwa kwa mkono wa pili katika kila mji wa Afrika Mashariki. Nimeyapanga hapa chini kwa kufuata lipi ningemshauri mtu mwenye familia na mshahara wa kawaida alitazame kwanza.

Asili ya mkanganyiko huu ni makubaliano yaliyotangazwa mwezi wa Machi 2019, ambapo Suzuki ilikubali kuipatia Toyota magari yake manne, yaani Baleno, Vitara Brezza, Ciaz na Ertiga, kwa ajili ya soko la Afrika. Inaelekea Toyota haikutaka kuyatafutia majina mapya ambayo ingebidi kuyatangaza kwa miaka mingi, ilhali ilikuwa na majina ya zamani ambayo wateja wa bara hili wanayaamini. Baleno ikaitwa Starlet, Ciaz ikaitwa Belta, Ertiga ikaitwa Rumion, na baadaye, mwaka 2023, Suzuki Celerio ikapewa jina la Vitz. Hata Urban Cruiser, jina ambalo Vitara Brezza ilipewa na ambalo wengi hudhani ni jipya, lilikwisha kutumika Ulaya kuanzia mwaka 2009, na gari lililokuwa likiitwa hivyo huko ndilo IST ya toleo la pili tunayoijua sisi. Nchini India mambo yanachekesha zaidi, kwa sababu Baleno hiyo hiyo huuzwa huko kwa jina la Toyota Glanza, na Glanza lilikuwa jina la Starlet ya turbo iliyouzwa Japani katika miaka ya 1990. Toyota haiko peke yake katika mchezo huu: Ford ilirudisha jina la Capri mwaka 2024 juu ya gari la umeme ambalo msingi wake ni wa Volkswagen.

Kabla ya kutaja bei yoyote, soma namba ya chasisi. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani huwa na namba fupi inayoanza na alama ya toleo, kisha kistari, kisha tarakimu, kwa mfano KSP90 au NSP130 mwanzoni. Gari lililoundwa India huwa na namba ndefu ya herufi na tarakimu 17, inayoanza na M ikifuatiwa na herufi iliyo kati ya A na E. Namba hiyo ndiyo itakayokueleza fundi wako atafungua kitu gani, nayo haibadiliki kwa kubandika nembo.

Jambo la pili ni sheria ya nchi unakoishi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo Starlet, Belta na Rumion za Japani haziwezi tena kuagizwa na zinapatikana tu kutoka kwa wenye nazo hapa hapa, na hata Vitz za mwisho, zilizotengenezwa hadi mwanzoni mwa mwaka 2020, dirisha lake linafungwa. Tanzania huruhusu, lakini gari dogo lenye umri wa kati ya miaka 8 na 10 hutozwa nyongeza ya uchakavu ya asilimia 15, na likizidi miaka 10 nyongeza hiyo hufika asilimia 30. Uganda imeweka ukomo wa miaka 15. Bei ya bandarini Japani, ambayo madalali hupenda kuionyesha kwenye simu, haina maana mpaka uiongezee hesabu hizo.

1. Vitz ya Japani, toleo la tatu (2010 hadi 2020)

Hii ndiyo ningeinunua kwanza, na sababu si mapenzi. Vipuri vyake vimejaa madukani, vipya na vya mtumba, kwa kuwa injini zake zilitumika pia kwenye magari mengine madogo ya Toyota, na hakuna fundi wa mjini ambaye hajaifungua. Injini ni za aina kuu mbili kwa mnunuzi wa kwetu: ya silinda tatu yenye sisi (cc, yaani ukubwa wa injini) 996, na ya silinda nne yenye sisi 1329. Nchini Tanzania ile ndogo ina faida ya wazi, kwani gari lisilozidi sisi 1000 halitozwi ushuru wa bidhaa unaotozwa kwa ukubwa wa injini. Hata hivyo, mtu anayesafiri mara kwa mara kutoka pwani kwenda bara akiwa na abiria wanne na mizigo ataijutia kila atakapofika kwenye mlima nyuma ya lori, na huyo namshauri atafute ile ya lita 1.3.

Kasoro inayopaswa kukaguliwa kwa makini ni gia. Vitz nyingi za toleo hili hutumia gia ya otomatiki ya mkanda, ile inayoitwa CVT, ambayo haipendi kupuuzwa. Liwashe gari likiwa limelala usiku kucha, si baada ya muuzaji kuliwasha kabla hujafika. Weka gia ya mbele, kanyaga mafuta taratibu, na usikilize kama kuna mvumo unaopanda pamoja na mwendo, kisha lisimamishe kwenye mteremko mdogo na uone kama linasita kabla ya kuondoka. Uliza oili ya gia ilibadilishwa lini na ni oili gani iliyotiwa, kwa sababu kuna wamiliki wengi waliotiliwa oili ya otomatiki ya kawaida na fundi asiyejua tofauti. Asiyetaka wasiwasi huo anaweza kurudi nyuma hatua moja na kununua Vitz ya toleo la pili yenye injini ya lita moja, KSP90, ambayo ina gia ya otomatiki ya kawaida ya hatua nne, mradi akubali umri wake.

2. Starlet mpya, kuanzia mwaka 2022

Kwa mwenye uwezo wa kununua gari ambalo halijapita mikono ya watu, au anayelipata likiwa limetumika miaka miwili mitatu, Starlet mpya ni gari zuri. Ile ya mwanzo ya mwaka 2020 ilikuwa na injini ya 1.4, na ile iliyofuata mwaka 2022 ikapewa injini ya 1.5 yenye kilowati 77, ambayo ndiyo ninayoipendekeza. Nafasi ya miguu nyuma inaizidi Vitz, injini hutumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, na mwili wake ni mwepesi.

Tatizo lake liko dukani. Nilimsindikiza jirani yangu, mzee anayeendesha Starlet mpya, kwenda kutafuta chujio la hewa katika duka moja la vipuri mjini Mombasa. Aliomba chujio la Starlet, kijana wa kaunta akamletea la EP91 bila kuuliza neno, nasi tukalipia na kwenda kufungua boneti. Lilikuwa la umbo jingine kabisa na halikukaribia hata kuingia kwenye kisanduku chake. Tuliporudi, kijana alilitazama gari kupitia mlangoni, akacheka kidogo na kusema, "Mzee, ungeniambia Baleno." Alichotuletea kilikuwa kwenye boksi lililoandikwa Suzuki. Basi anayenunua Starlet, Rumion, Belta au Vitz ya India aandike kwenye daftari la gari jina lake la Suzuki, na alitumie hilo kila anapoomba kipuri nje ya duka la wakala.

3. Rumion, mpya kabla ya ya zamani

Corolla Rumion iliyouzwa Japani kuanzia mwaka 2007 hadi 2015 ilikuwa sanduku pana la viti vitano, lenye injini ya 1.5 au 1.8. Rumion iliyorudi mwaka 2021 ni gari la viti saba. Ni vigumu kufikiria magari mawili yanayotofautiana zaidi chini ya jina moja, na mtu anayeagiza kwa simu bila kutaja mwaka anaweza kupokea asichokitarajia.

Mpya naiweka juu kwa sababu ya kazi inayoifanya: familia yenye watoto wanne na bibi haina chaguo nyingi za viti saba ambazo hazinywi mafuta kama lori. Injini yake ni ile ile ya 1.5 ya Starlet, hivyo likijaa watu wote saba hujikokota, na safu ya nyuma ikitumika mizigo hukosa mahali. Watoto watakaa huko vizuri. Watu wazima, kwa safari fupi tu. Ya zamani bado inamfaa mwenye biashara ndogo anayebeba katoni mchana na familia jioni, na ile ya 1.8 ina nguvu ya kutosha barabara kuu. Ila kagua bushi za mbele na gia yake kama nilivyoeleza kwenye Vitz.

4. Vitz mpya ya mwaka 2023

Hapa ndipo jina linapodanganya zaidi. Vitz ya Japani ilijengwa kwa soko la nyumbani na kuuzwa Ulaya kama Yaris, ambako ilitwaa tuzo ya gari bora la mwaka 2000. Hii ya sasa imebuniwa kuwa gari la bei nafuu la mjini. Ina injini ya silinda tatu yenye sisi 998 na kilowati 49, na hutumia mafuta kidogo sana. Ukiichukua yenye gia ya mkono, haina ubaya kwa mtu anayeishi na kufanya kazi mji mmoja. Ile inayouzwa kama otomatiki ni gia ya mkono inayobadilishwa na mtambo, nayo huvuta na kuachia kwenye foleni kiasi cha kumchosha abiria. Ijaribu kwenye msongamano kabla ya kusaini.

5. Belta

Belta ya Japani, ya mwaka 2005 hadi 2012, ni Vitz ya toleo la pili yenye buti, na yote yanayosemwa kuhusu Vitz hiyo yanaihusu. Belta mpya ni Suzuki Ciaz, pana na tulivu, lakini haionekani sana huku kwetu, na gari lisiloonekana ni gumu kulipatia taa au bampa likigongwa.

6. Starlet ya zamani

Naiweka mwisho nikijua nitalaumiwa. EP82 na EP91 ni magari yaliyowafundisha wengi wetu kuendesha, na injini yake ya 4E, yenye sisi 1331, huvumilia mambo ambayo magari ya leo hayavumilii. Lakini la mwisho kutengenezwa limezidi robo karne, kutu imekula sakafu za mengi yaliyokaa karibu na bahari, na matairi yakipita kwenye maji, maji hayo utayaona yakiingia ndani. Inua mazulia na uguse chuma kwa kidole kabla ya kusikiliza historia yake. Injini hii hutumia mkanda wa taimingi, tofauti na nyingine zote nilizozitaja. Mafundi wazuri huandika kwa kalamu ya wino, juu ya kifuniko cha mkanda, tarehe na kilomita za siku walipoubadilisha. Usipoyaona maandishi hayo, hesabu mkanda haujabadilishwa, na uikate gharama yake kwenye bei siku hiyo hiyo, ukiwa bado umesimama mbele ya muuzaji.