Uchambuzi: injekta za Hilborn kwenye injini ya boti za mbio za zamani

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni. Hiki mnachokiona mezani ni seti kamili ya injekta za kimakanika za Hilborn, yaani mfumo wa kunyunyizia petroli kwenye injini badala ya kabureta, ya kufungwa kwenye Chevrolet V8 kubwa ya inchi za ujazo 454, yaani lita 7.4. Haina kompyuta, haina sensa, haina hata waya mmoja. Wengi wakiiona macho yanakimbilia haya mabomba manane ya hewa yaliyosimama juu. Ni mazuri kweli, lakini leo nataka tutazame huku chini, kwenye pampu na vali, maana ndiko pesa yako inakopona au kupotea.

Stuart Hilborn alikuwa Mmarekani wa California, na kazi yake ilianzia kwenye magari. Mwaka 1948 gari lake lilivuka maili 150 kwa saa kwenye ziwa kavu, na 1952 gari lenye injekta zake likashinda mbio za magari za Indianapolis 500. Baharini mambo yalibadilika 1960, pale Moppie, boti yenye tumbo la V iliyochorwa na Ray Hunt, iliposhinda mbio za Miami hadi Nassau katika bahari iliyochafuka. Tumbo lile lilikata mawimbi ambayo boti za chini bapa zilikuwa zikiyapigia magoti. Basi mwendo ukapanda, boti zikaanza kuruka hewani, na mzigo wote ukahamia kwenye injini.

Kabureta ina bakuli la petroli na floti ndani yake, yaani boya dogo linalopima kiwango cha petroli. Boti ikiruka na kutua kwa kishindo, petroli inarushwa huku na huku, floti inapoteza kipimo, injini inafurika mafuta au inayakosa. Hilborn haina bakuli. Pampu hii ya gia inazungushwa na injini yenyewe: injini ikienda kasi, na mafuta yanaongezeka. Propela ikitoka majini, mizunguko inapaa ghafla, na pampu inapaa nayo papo hapo. Ndiyo maana naipenda. Hata hivyo haiondoi kazi ya yule mtu wa pili kwenye boti, anayeshika mikono ya mafuta tu, ile ya kuongeza na kupunguza mwendo, na kuirudisha kabla boti haijatua. Bila yeye, shafti na gia zinavunjika.

Sasa njooni hapa karibu. Kadude haka kadogo chenye tundu katikati ni jeti ya kurudishia. Pampu huleta mafuta mengi kuliko injini inavyohitaji, na ziada inapita hapa kurudi tenki. Kwa hiyo ukiweka jeti yenye tundu dogo, yanarudi machache, na injini inapata mengi zaidi. Fundi aliyezoea kabureta anakwenda kinyume hapa: anataka kuongeza mafuta, anaweka tundu kubwa, na pistoni zinayeyuka akiwa kwenye mwendo wa mwisho. Anzeni na mafuta mengi, kisha mpunguze kidogo kidogo huku mkisoma rangi ya plagi.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba mfumo huu haujui hali ya hewa. Jeti iliyofaa asubuhi yenye ubaridi inaweza isifae saa nane mchana wa joto na unyevu. Tena mafuta ya pampu yanaongezeka kwa mstari ulionyooka, ilhali mahitaji ya injini hayapandi hivyo, ndiyo sababu zikawekwa vali za ziada za kurudishia kwenye mwendo mdogo na mkubwa. Kwa mbio za wazi, mkono umesukumwa mpaka mwisho, unaishi nayo vizuri. Kwa kuvua au kutembeza watoto jioni, hapana. Itakohoa, itachafua plagi, itakunywa petroli bila huruma.

Na jambo hili silisemi kwa kutisha: mabomba wazi juu ya injini ya petroli iliyofungwa ndani ya boti ni hatari. Injini ikitema moto nyuma, mvuke wa petroli uliotulia chini ya sakafu unalipuka. Marekani inadai kizuia moto, yaani wavu wa chuma kwenye njia ya hewa unaozuia miali isitoke nje, kwenye injini za namna hii zilizofungwa tangu mwaka 1940. Basi weka kizuia moto, washa feni ya kutoa mvuke kabla ya kugusa swichi, na mipira yote ya zamani ya kupitishia petroli itupe. Petroli ya leo yenye ethanoli inaitafuna.

Ukikuta seti inauzwa, zungusha shafti ya pampu kwa mkono. Ikikwaruza, gia zimekwisha, mara nyingi kwa sababu iliwahi kuzunguka ikiwa kavu. Pampu hii hainyonyi vizuri, inataka mafuta yaifikie yenyewe. Kisha chomoa vali ya pipa, hii inayozunguka pamoja na mkono wa mafuta. Ikiwa na mikwaruzo, injini haitatulia kamwe mkono ukiwa haujasukumwa, hata ubadilishe jeti zote. Mwisho kagua unga mweupe wa kutu ya chumvi kwenye viungo vya alumini. Pampu na vali zikiwa salama, mabomba yakiwa na makovu, nunua. Zikiwa zimeharibika na mabomba yanang'aa, muachie muuzaji ayapambie ukuta.