Usiku 3 Bahamas na MSC Seashore: nilivyompangia Mama safari yake ya kwanza ya meli ya starehe

Kama una mzazi mtu mzima aliyekuja kukutembelea Marekani na unataka kumpeleka baharini, MSC Seashore, niliyoipanda Port Canaveral, Florida, ni meli ninayoipendekeza kwa moyo mweupe. Nina sharti moja tu: upange mwenyewe, na upange mapema. Safari fupi haina siku ya akiba. Anayekwenda wiki nzima akipewa chumba kibaya, ana muda wa kukizoea. Wa usiku 3 hana. Anapanda mchana, na kabla hajaijua vizuri njia ya kutoka kwenye lifti hadi chumbani kwake, anaambiwa aweke mabegi nje ya mlango, kesho asubuhi watu wanashuka.

Kampuni yenyewe sikuwa naijua kama kampuni ya abiria. Wenzangu kazini hapa Columbus huzungumzia Carnival na Royal Caribbean, na nilipowatajia MSC waliniuliza ni kina nani hao. Kwa mtu aliyepita bandari ya Dar es Salaam au Mombasa, herufi hizo tatu si ngeni. Zimeandikwa kwenye makontena kila upande unaogeuka. Ni watu hao hao. Makao makuu yako Geneva, mali ni ya familia ya Aponte, iliyoanza mwaka 1970 na meli moja ya mizigo, na leo hakuna kampuni duniani inayoipita kwa kubeba makontena. Hilo halikuniambia lolote kuhusu chakula wala vitanda. Ila lilinipa jibu la swali la kwanza aliloniuliza Mama: "Wenye chombo ni watu wa bahari, mwanangu, au ni wafanyabiashara tu?"

Swali lake lina sababu. Mama ni mtu wa Wete. Tangu Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama usiku ikitoka Unguja kwenda Pemba, hajakanyaga chombo cha baharini. Akiwa na haja Unguja hupanda ndege ndogo, na nauli ikikosekana hubaki nyumbani. Kwa hiyo nilipoanza kuchagua sikutazama mabwawa ya kuogelea wala michezo ya watoto. Nilitafuta usalama anaoweza kuuona kwa macho yake, chumba kitulivu, na bandari ambazo mtu wa magoti mabovu anaweza kushuka bila kurukia mashua.

Kabla ya yote hayo kuna makaratasi. Mgeni aliyeingia kwa visa ya matembezi ahakikishe ni ya kuingia mara nyingi na bado haijaisha, maana ukienda Bahamas umetoka Marekani, na siku ya kushuka unapita tena kwa afisa wa uhamiaji. Sisi wenye grinikadi tulibeba kadi na pasipoti. Raia wa Marekani wanaruhusiwa, kwa safari inayoanzia na kuishia bandari moja, kutumia cheti cha kuzaliwa na kitambulisho chenye picha. Mimi ningewasihi nao wabebe pasipoti, kwa sababu ukiugua ukaachwa Nassau, mji mkuu wa Bahamas, huwezi kurudi kwa ndege ukiwa na cheti cha kuzaliwa.

Halafu majina. Pasipoti zetu zina majina matatu, na wakala wa kwanza niliyempa kazi hii, ambaye simtaji, alimwandikisha Mama kwa jina lake na la baba yake, akaacha lile la mwisho. Nilipomwomba arekebishe akaniambia haina shida, watu wote wanafanya hivyo. Shida ipo. Karatasi ya kupandia isipolingana na pasipoti, mlangoni unaulizwa wewe, wakala yuko kwake amelala. Nilivunja naye, ada yake haikurudi, nikapiga simu kwenye kampuni moja kwa moja na kumsomea binti wa upande wa pili pasipoti herufi kwa herufi. Hatukumaliza hata nusu saa.

Katika simu hiyo hiyo nilichagua chumba, na hapa ndipo pesa ya ziada inapofanya kazi. Bei ya chini kabisa unayoiona kwenye tangazo mara nyingi ni ya chumba utakachochaguliwa. Seashore ina urefu wa mita 339, ilitengenezwa Monfalcone, Italia, mwaka 2021, na ikijaa inabeba abiria karibu 5,900. Katika chombo cha ukubwa huo, chumba cha ncha ya mbele maana yake ni ukumbi usioisha kwa mtu anayetembea na mkongojo, tena ndiko mawimbi yanakosikika zaidi. Nilichukua cha katikati, hatua chache kutoka kwenye lifti, chenye roshani, na nikahakikisha kwenye ramani ya meli kwamba juu yake na chini yake kuna vyumba vingine. Chumba kilicho chini ya bufee au bwawa unaamshwa alfajiri na viti vinavyoburutwa.

Gharama nyingine nazipitia haraka. Juu ya nauli kuna kodi za bandari, na kuna ada ya huduma inayozidi dola 15 kwa mtu mzima kwa kila usiku. Maji, chai na kahawa ya kawaida unapata kwenye bufee. Soda, kahawa ya mashine na maji ya chupa hulipiwa. Kuna vifurushi vya vinywaji, na kipo kisicho na pombe, kwa hiyo asikuuzie mtu kile kikubwa kama hunywi. Simu iwekwe hali ya ndege kabla nanga haijang'olewa, kwani mtandao wa simu wa baharini hukata pesa kwa kasi ya ajabu. Anayetaka WhatsApp anunue kifurushi cha intaneti cha meli akiwa bado nyumbani. Dawa za presha na sukari zibaki mkononi, maana begi kubwa unalikabidhi bandarini na hulioni mpaka jioni. Na mgeni akatiwe bima inayofika baharini. Daktari yupo melini, lakini anatoza.

Sasa nije kwenye saa iliyoniamulia kwamba tumechagua vizuri. Kabla meli haijaondoka kila abiria lazima afike kwenye kituo chake cha dharura. Zamani sheria ya kimataifa iliruhusu zoezi hilo kufanyika ndani ya saa 24 baada ya abiria kupanda. Costa Concordia ilipopinduka huko Italia Januari 2012, wako waliokuwa wamepanda siku ile ile na hawajafundishwa lolote. Tangu 2015 zoezi linafanyika kabla ya kuondoka au mara tu chombo kinapoondoka. Watu wengi huonyesha kadi, ikasomwa na mashine, wakaenda zao kula. Mama aligoma kuondoka. Akaniambia nimwombe kijana wa meli aliyekuwa pale ampe jaketi la kujiokolea, alivae mwenyewe, alijaribu.

Kijana alikuwa wa Indonesia, jina lake la Kiislamu limeandikwa kifuani, na akampa salamu kabla ya neno lolote. Akamvisha jaketi juu ya buibui, akauzungusha mkanda kiunoni, akamwachia afunge mwenyewe. Akamwonyesha filimbi, kisha taa ndogo inayojiwasha ikigusana na maji. Mama akafungua, akafunga tena bila kusaidiwa. Halafu akauliza, mimi nikitafsiri, kama mashua zinatosha watu wote. Yule kijana hakumjibu kwa maneno. Alitutoa nje, akanyoosha kidole juu kwenye mashua za rangi ya chungwa zilizoning'inia. Ubavuni mwa kila moja pameandikwa idadi ya watu inaobeba. Mama akasoma ya kwanza, akasogea akasoma ya pili.

"Basi," akasema, "hawa watu wanahesabu."

Usiku ule alilala mpaka alfajiri. Mimi ndiye niliyekuwa naamka kumsikiliza.

Chakula ni cha Kiitaliano hasa. Pizza yao ni tamu kweli, na jibini la motsarela wanalitengeneza wenyewe humo humo melini. Kuhusu halali, usingoje ufike mezani. Niliwaandikia wiki kadhaa kabla, na hata hivyo sikutegemea nyama. Tulikula samaki, mayai, mboga, wali na matunda, na wahudumu wa Indonesia walikuwa wakituonyesha bila kuulizwa sahani ipi ina nguruwe ndani. Kwa sala, kutoka pande zile kibla kiko kaskazini mashariki. Dira ya simu hupotea ndani ya chuma kingi namna ile, kwa hiyo tukatumia ramani inayoonyeshwa kwenye televisheni ya chumbani: unaona meli imeelekea wapi, unageuza mkeka. Meli ikigeuka, unageuka nayo.

Watu huuliza kwa nini karibu kila safari fupi ya Florida inakwenda Bahamas. Kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayozuia vyombo vya bendera ya nje kuchukua abiria bandari moja ya nchi hiyo na kuwashusha nyingine, na hata safari ya kwenda na kurudi, ikisimama kwenye bandari nyingine za Marekani, lazima iguse nchi nyingine njiani. Seashore ina bendera ya Malta. Bahamas ndiyo nchi ya jirani kabisa. Kwa hiyo usichague kampuni kwa sababu ya Nassau, wote wanakwenda Nassau. Chagua kwa chombo, na kwa kisiwa chao.

Nassau yenyewe wengi huipuuza, na sikubaliani nao. Ukishuka bandarini unaingia Bay Street kwa miguu, na soko la vikapu liko karibu. Vitu vingi pale vimetoka viwandani nchi za mbali, vimechapwa tu jina la Bahamas. Mama alivipita vyote bila kusimama, hadi akafika kwa bibi mmoja aliyekaa pembeni na mkufu mrefu wa majani yaliyosukwa mapajani. Akachukua mfuko mmoja, akaugeuza nje ndani, akapitisha kidole kwenye mshono. Ulikuwa ni ukili. Ukanda uliosukwa kwanza peke yake, kisha ukazungushwa na kushonwa ubavu kwa ubavu kwa uzi, na upande wa ndani ncha za majani yaliyoongezwa zinachomoza kidogo, kama mikeka ya kwetu kabla haijapunguzwa. Jani lao si ukindu, ni la mti mwingine wa porini wa jamii ya mkindu, gumu zaidi na jeupe. Mkono ni ule ule. Mama akaomba kwa ishara apewe ule ukanda, akakaa kwenye kigoda, akausuka urefu wa shubiri moja. Bibi akautazama, akauvuta kuona kama umekaza, akaendelea pale Mama alipoachia. Mfuko huo alilipa bila kuomba kupunguziwa, jambo ambalo sijapata kumwona akilifanya sokoni.

Tulipanda teksi hadi ngazi za Queen's Staircase, 65, zilizochongwa kwenye mwamba wa chokaa na watumwa mwishoni mwa karne ya 18. Hakuzipanda. Alisoma Fatiha akiwa chini, tukarudi.

Ocean Cay, kisiwa binafsi cha MSC huko Bahamas, ndiyo sababu hasa ya kuichagua kampuni hii kwa msafiri kama Mama. Kilikuwa kisiwa cha kuchimba mchanga kwa ajili ya viwanda. Kampuni ikakisafisha, ikapanda miti, na wageni wakaanza kushuka mwishoni mwa 2019. Meli inafunga gatini kabisa, unatembea hadi nchi kavu, na kuna gari dogo la kuwazungusha wasioweza jua. Visiwa binafsi vya kampuni nyingine, baadhi yao, unashushwa kwa mashua, na Mama asingekubali. Chakula cha mchana kimo kwenye nauli. Maji ni ya kina kifupi, matulivu, na Mama aliingia na dera lake mpaka kiunoni. Ila upepo ukiwa mkali meli haifungi gati, hupita moja kwa moja, na hilo halina wa kulaumiwa. Ukienda kati ya Juni na Novemba, msimu wa vimbunga, lihesabu kabla.

Simshauri mtu anayetafuta ukimya aende safari ya wikendi. Muziki unachelewa, kasino iko katikati ya njia, na watu wamekuja kusherehekea. Tukirudi nitachukua ya usiku 4, ya katikati ya wiki, ambayo mara nyingi kwa usiku mmoja hutoka nafuu. Na usiku wa kuamkia kuondoka lala Orlando au Cape Canaveral, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kati yao. Ndege ya asubuhi ile ile ikichelewa, meli haikungoji.